Kichezeo Kilichochezewa: Mizani ya Mkusanyaji wa Bukavu

Sanamu ndogo ya pembe kutoka kwa Walega wa Mwenga au Shabunda, Kivu Kusini, ikifikishwa mnadani Paris au Brussels, wanunuzi huigeuzageuza mkononi wakitafuta dalili za matumizi. Wanataka uso uliolainika kwa kushikwashikwa, rangi iliyokolea kwa mafuta na miaka, kingo zilizolika. Ikiwa safi kana kwamba imetoka jana kwa mchongaji, watashuku kuwa ilichongwa kwa ajili ya watalii, na bei yake itaporomoka. Biashara hiyohiyo ya vitu vya kale ina upande wake wa vichezeo, na huko mizani hupinduka. Roboti ya plastiki ya mwaka 1984, ile inayokunjuliwa ikawa mtu na kukunjwa ikawa gari, hupata bei kubwa kabisa ikiwa hakuna mtoto aliyewahi kuigusa: boksi halijafunguliwa, stika hazijabandikwa, viungo havijakunjwa hata mara moja. Marekani yapo makampuni yanayofungia kichezeo cha namna hiyo ndani ya kasha la akriliki na kukipa alama kwa mia, kila mkwaruzo ukipunguza kitu. Sanamu inathaminiwa kwa sababu ilitumika, roboti kwa sababu haikutumika, ilhali zote mbili zilitengenezwa zitumike. Nadai kwamba mizani hii ya pili haimfai mkusanyaji wa Bukavu, na kwamba historia ya mji huu na ya jimbo lake imetuachia mizani bora, hasa kwa kichezeo ambacho wakusanyaji wa ng'ambo wamekidharau kuliko vyote: roboti nyepesi, ya hatua mbili au tatu, isiyohitaji karatasi ya maelekezo.

Tuanze na chanzo cha ufundi wenyewe, kwa maana roboti hizi zimetokana na mikono iliyokuwa haina kitu. Mwaka 1945, Japani ikiwa imeshindwa vita na miji yake imeungua, fundi wa vichezeo aliyeitwa Kosuge Matsuzo alikuwa amehamia mji wa Otsu, karibu na Kyoto. Hakuwa na malighafi. Alichokipata ni makopo matupu yaliyotupwa na askari wa Marekani, naye akayakata, akayanyoosha, akatengeneza mfano mdogo wa jipu alizoziona zikipita barabarani. Zikauzwa Kyoto kwa yeni 10 moja, zikagombewa. Katika miaka iliyofuata vichezeo vya bati vikawa miongoni mwa bidhaa za kwanza ambazo Japani iliruhusiwa kuuza nje, na kati ya 1947 na 1952 bidhaa hizo zilibeba maandishi ya kuonyesha kwamba nchi ilikuwa chini ya ukaliaji wa kijeshi. Kutoka kwenye bati hilo zikaja roboti za kukaza kwa ufunguo, kisha zile za aloi nzito ambazo kampuni ya Popy ilizianzisha mwaka 1974, kisha Diaclone ya Takara mwaka 1980, na hatimaye mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ikazikusanya chini ya jina Transformers. Mzizi wa ukoo huu wote ni kopo la askari mgeni, lililogeuzwa kuwa gari la askari huyohuyo.

Mtu wa Kivu hahitaji kuelezwa sana kisa hicho. Magari ya waya na bati yanayosukumwa na watoto kwenye miteremko ya Kadutu na Bagira, hapa Bukavu, yamezaliwa vilevile: bodi ya kopo la dagaa au la maziwa, fremu ya waya, magurudumu ya kandambili chakavu au vifuniko vya chupa, na waya mrefu unaopanda hadi kiunoni mwa dereva ukiishia na usukani. Usukani huo haukuwekwa kwa pambo, maana ukiuzungusha, ekseli ya mbele inakata kona kwelikweli. Watoto hawa huchagua magari wanayoyaona kila siku, na kwa muda mrefu gari walilolijua zaidi Bukavu lilikuwa lori la mizigo, jipu ya shirika la misaada, au gari la wanajeshi. Baada ya Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika kwa mamia ya maelfu katika kambi zilizouzunguka mji, chakula cha msaada kilikuja na makopo yake, na bati la kopo la mafuta ni bati zuri: jembamba, pana, halipasuki ovyo likikunjwa. Upo pia uhusiano wa ndani zaidi. Kopo ni chuma kilichopakwa bati ili kisishike kutu, na bati ni zao la nchi hii. Kampuni ya Symétain ilianza kuchimba kasiterite, madini ya bati, huko Maniema mwaka 1932, na Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942 madini ya Kongo yakawa miongoni mwa tegemeo za upande uliopigana nayo. Chembe moja haiwezi kufuatwa kutoka migodi ya Kalima, Maniema, hadi kwenye kopo lililookotwa Otsu, na silidai hilo. Nadai tu kwamba mkusanyaji wa Bukavu anapoishika roboti ya bati ya Kijapani anashika kitu cha dunia ambayo babu zake waliilisha malighafi, wala si ngano ya nchi ya mbali.

Sasa roboti nyepesi yenyewe. Mwaka 1982 Popy ilitoa mfululizo wa Machine Robo, na ule wa bei ya chini uliitwa 600 kwa sababu kila kimoja kiliuzwa yeni 600. Vilikuwa vidogo vya kuenea kiganjani, vyenye sehemu za aloi na za plastiki, na vingi viligeuka kwa kuvuta miguu, kufungua mikono na kuinua kichwa. Tonka iliviuza Marekani kwa jina la GoBots kabla Transformers hazijafika madukani, lakini jina hilo likashindwa sokoni, na mwaka 1991 Hasbro ikainunua Tonka yenyewe. Historia ya ukusanyaji iliandikwa na upande ulioshinda. Kwa miaka mingi wakusanyaji waliitaja GoBots kama mfano wa kichezeo cha bei rahisi, kisicho na ufundi, na hukumu hiyo bado inarithiwa na kila roboti ya hatua chache, zikiwemo zile zinazotoka viwanda vya Chenghai, kusini mwa China, zikafika soko la Kadutu kupitia bandari za Dar es Salaam au Mombasa. Nadhani hukumu hiyo haina haki. Kugawanya gari katika vipande thelathini kisha kuvipanga upya kuwa mtu kunahitaji bawaba nyingi, na kwa bawaba nyingi utapata umbo lolote unalolitaka. Kazi ngumu ni kupata maumbo mawili yanayosadikika kwa bawaba nne. Mlango lazima uwe mkono bila kuonekana mlango, boneti iwe kifua au iwe miguu, na hakuna kipande kinachoruhusiwa kuchomolewa. Mbunifu hana pa kuficha kosa.

Kwa hiyo mkusanyaji anayeipima roboti ya hatua tatu anapaswa kuuliza maswali ambayo kasha la akriliki haliwezi kuyajibu. Je, umbo la gari linasimama kwa magurudumu yote manne na kubiringika? Je, umbo la mtu linasimama bila kuegemezwa? Je, kiungo kinakaza kwa msuguano wa kutosha ili mkono ubaki pale ulipowekwa, au kimelegea? Je, mtoto asiyejua kusoma atagundua njia ya kuigeuza kwa vidole vyake tu? Maswali haya yote yanataka kichezeo kikunjwe na kukunjuliwa. Kiungo ambacho hakijakunjwa kwa miaka arobaini hakijathibitisha lolote; baadhi ya plastiki za zamani huvunjika siku ya kwanza zinapogeuzwa baada ya kulala muda mrefu, na mwenye boksi lisilofunguliwa hana namna ya kujua kama anamiliki roboti au vipande vinavyosubiri kuachana. Mkwaruzo kwenye magurudumu unatupa habari: gari lilibiringika. Rangi iliyolika pembeni mwa bawaba inatuambia hatua zilirudiwa mara nyingi na kiungo bado kinashika, nayo ni sifa ya kiwanda kilichokitengeneza. Kuitoza alama kwa hilo ni kuiadhibu kazi kwa kufaulu.

Sababu nzito zaidi iko katika historia ya mji. Boksi lisilofunguliwa linahitaji chumba ambacho hakijavamiwa. Mfumo wote wa kupima kwa ubikira wa boksi ulizaliwa mahali ambapo kitu kinaweza kuachwa darini mwaka 1984 na kukutwa papo hapo mwaka 2020. Bukavu haijapewa nafasi hiyo. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliukalia mji kuanzia Agosti hadi Novemba, na mapigano ya kuwatoa yaliuacha umebomoka. Mwishoni mwa Oktoba 1996 vita vya waasi wa AFDL viliingia, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa. Agosti 1998 vita vikarudi. Kati ya Mei na Juni 2004 wapiganaji wa makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi waliushika mji na nyumba zikaporwa. Februari 2008 tetemeko la ardhi lilipasua kuta, na Februari 2025 waasi wa M23 waliingia, maghala yakaporwa tena. Kati ya misiba hiyo mikubwa kuna moto, ambao hula safu za nyumba za mbao zilizobanana mitaani, na maporomoko ya udongo wakati wa mvua. Familia inayokimbia kuvuka mto Ruzizi huchukua mtoto, godoro, sufuria na hati za shule. Boksi la katoni halimo. Kichezeo kinachopona ni kile kilichokuwa mkononi mwa mtoto au mfukoni mwake, na hicho, kwa hakika kabisa, kimechezewa. Anayetumia mizani ya boksi hapa atalazimika kusema kwamba hakuna kichezeo chochote cha thamani kilichowahi kuwapo Bukavu, na mizani inayofuta historia ya mji mzima kwa sababu mji huo uliteseka ni mizani mbovu.

Mizani nyingine ilikuwapo, na ilikuwa karibu. Katika misitu iliyo magharibi mwa mji, Walega walikuwa na chama cha Bwami, chenye ngazi za kupanda kwa wanaume na wanawake, na ndani yake vitu vidogo vilifanya kazi kubwa: sanamu za pembe, mfupa au mti, vinyago vya kutosha kiganjani, midomo ya ndege, magamba ya kakakuona. Mtafiti Daniel Biebuyck, aliyefanya kazi chini ya taasisi ya IRSAC yenye makao Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, aliishi kati yao mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati chama kilikuwa kimepigwa marufuku na serikali ya Kibelgiji tangu 1948, na mwaka 1973 akachapisha kitabu kinachobaki kuwa rejea kuu. Alichokieleza kinamhusu moja kwa moja mtu anayepima vitu vidogo. Kitu cha Bwami hakikupata uzito wake kutoka kwa uzuri wa kuchongwa peke yake. Kiliupata kwa orodha ya watu waliokishika, kikipokewa kutoka kwa ndugu aliyefariki na kupitishwa kwa mwingine. Kwa methali iliyosemwa kikionyeshwa. Kwa kupakwa mafuta na kung'arishwa kabla ya kila mkusanyiko. Kinyago kimoja kiliweza kufungwa mkononi, kutundikwa kwenye ua au kuburutwa kwa ndevu zake, na kila mkao ulileta maana yake. Na kitu cha asili kilipokosekana, kitu cha kiwandani kiliingia: Biebuyck alikuta hata balbu ya umeme ikifanya kazi ya kufundishia. Wenye Bwami hawakuuliza balbu ilitengenezwa nchi gani. Waliuliza inaweza kusema nini, na ilitoka kwa nani.

Ajabu ni kwamba wafanyabiashara wa vichezeo wenyewe waligundua jambo hilohilo kwa njia yao. Roboti za Diaclone zilipouzwa Japani zilikuwa mashine tu, zikiendeshwa na marubani wadogo wa plastiki wanaokaa ndani. Hasbro ilipozichukua, iliwapa kazi waandishi wa Marvel, na Bob Budiansky akaandika majina na tabia kwa roboti nyingi: huyu mkali, huyu mwoga, huyu mdogo lakini jasiri. Plastiki haikubadilika, kalibu zilikuwa zilezile. Maneno yaliyochapwa nyuma ya boksi ndiyo yaliyogeuza gari la mizigo kuwa kiongozi ambaye watoto walimlilia alipokufa katika filamu ya 1986. Ikiwa soko la dunia linakiri kwamba neno lililoandikwa na mtu wa New York linaongeza thamani ya plastiki, halina sababu ya kukataa kwamba jina ambalo mtoto wa mtaa wa Panzi, hapa Bukavu, alimpa roboti wake, na visa alivyomtungia, ni sehemu ya kitu hicho pia.

Najua litasemwa kwamba ni utovu wa adabu kuweka kichezeo cha sokoni karibu na Bwami, ambayo ilikuwa shule ya hekima na maadili, yenye viapo na siri. Pingamizi hilo ni la haki, na silipuuzi. Sisemi kwamba vitu hivi vina hadhi sawa. Nazungumzia namna ya kupima, na namna ya kupima inaweza kukopwa bila kukopa utakatifu, kama mizani ya dhahabu inavyoweza kupima chumvi. Wenye Bwami ndio waliotuonyesha kwamba kitu duni kwa malighafi kinaweza kuwa kizito kwa historia. Anayeingia Musée du Kivu ya wamisionari Waxaveri, hapa Bukavu, anaweza kuona vitu vya Kilega vilivyo vidogo kuliko kidole na kuelewa mara moja kwamba ukubwa na bei ya malighafi havikuwa hoja.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: kwamba kusifu magari ya makopo na roboti zilizoungwa kwa waya ni kuupamba umaskini. Mtoto wa Kadutu, mtasema, angependa kichezeo kipya kama mtoto mwingine yeyote. Ni kweli, na mkusanyaji hana haki ya kumtakia vinginevyo. Lakini tuangalie Kosuge. Jipu yake ya makopo haisifiwi leo kwa sababu ya njaa ya 1945. Inasifiwa kwa sababu ufundi wake ulipata pa kwenda: viwanda vikajengwa, bandari zikafunguliwa, umeme ukapatikana. Mikono ya Bukavu haikupungukiwa na ustadi. Kuyeyusha plastiki na kuisukuma kwenye kalibu kunahitaji umeme usiokatika, na mji unategemea mabwawa ya Ruzizi, la kwanza la 1958 na la pili la 1989, ambayo umeme wake unagawanywa na nchi jirani na mitambo yake huzibwa na taka za plastiki zinazosombwa kutoka Ziwa Kivu. Kuukusanya na kuuandikia usukani wa waya unaokata kona ni kuhifadhi ushahidi kwamba uhandisi ulikuwapo kabla ya kiwanda. Bila ushahidi huo, mtu atakayeandika baadaye kwa nini Bukavu haikuwa na viwanda vya vichezeo ataandika, kwa kukosa kingine, kwamba hapakuwa na mafundi.

Wapo pia watakaosema, kwa lugha ya soko, kwamba kitu kilichotolewa kwa wingi kinapata uadimu wake kutoka kwa hali yake tu. Roboti za yeni 600 zilitengenezwa nyingi mno, na kinachotofautisha moja na nyingine ni usafi. Hilo lina mantiki pale ambapo nakala nyingi zimebaki. Hapa hazikubaki. Na hata mahali zilipobaki, nakala mbili safi hazina tofauti yoyote, kila moja inaweza kuchukua nafasi ya nyenzake. Iliyochezewa haina mfano. Uadimu ukipimwa kwa uaminifu, ndiyo adimu kuliko zote.

Kinachohitajika basi ni kuandika, na kuandika kwa uangalifu zaidi ya wakusanyaji wa boksi. Mtafiti Th. Centner alifanya kazi ya namna hiyo kwa michezo ya watoto wa Katanga, kitabu chake kikatoka Elisabethville mwanzoni mwa miaka ya 1960, naye aliandika jinsi kitu kinavyotengenezwa na kuchezewa, hakukichora tu. Kwa roboti ya kiwandani, jambo la kwanza ni kutodanganywa na muhuri: mwaka ulioandikwa mgongoni au chini ya mguu ni mwaka wa haki ya umiliki au wa kalibu, na kalibu moja inaweza kutumika miaka mingi, hata ikaigwa na kiwanda kingine pamoja na maandishi yake. Roboti yenye muhuri wa 1982 inaweza kuwa ilitengenezwa baadaye sana. Baada ya hapo ziandikwe hatua za kugeuza, moja baada ya nyingine. Soko ilikonunuliwa na njia iliyopitia. Mtoto wa kwanza na wa pili, kwa umri na mtaa bila kutaja jina. Kila pigo na kila tengenezo. Kwa gari la waya iandikwe ni kopo la nini, gurudumu la nini, na limeiga gari gani. Karatasi hiyo ipewe thamani ambayo wengine huipa boksi, na kitu kinapouzwa au kurithiwa, iende nacho.

Matengenezo ndiyo yatakayoleta ubishi, na afadhali nitoe hukumu yangu. Bawaba ya roboti nyepesi ikivunjika, fundi wa mtaani ana njia mbili. Anaweza kupasha moto msumari na kuunganisha plastiki kwa kuiyeyusha, au anaweza kutoboa tundu na kupitisha waya mwembamba uwe mhimili mpya. Njia ya kwanza huacha kichezeo kikionekana kizima, lakini mkono umeganda. Roboti imekuwa sanamu ya roboti, au gari lisilojua tena kuwa mtu. Njia ya pili huacha kovu baya, waya ukichomoza pande zote mbili, na pengine bega moja linakuwa juu kuliko jingine. Kampuni ya kutoa alama ingeipa ya kwanza alama chache na ya pili isiipe kabisa. Mimi naiweka ya pili juu, na kwa mbali, maana inageuka, na kiungo kilichobuniwa Tokyo kina mhimili uliobuniwa Bukavu. Ile iliyoyeyushwa naihifadhi pia, nikiandika kwenye karatasi yake ni umbo gani lililochaguliwa libaki, kwa sababu kuna mtu aliyelazimika kuamua kama mtoto atakuwa na gari au atakuwa na mtu.